Mrejesho: mbwa anayemaliza sufuria na bado anakonda

Wakuu, niliuliza kwa nini mbwa wangu hapa Tabata anakonda na manyoya yanapukutika wakati anakula kwelikweli. Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Kabla ya sindano yoyote alimpima uzito, akampapasa mbavu, uti wa mgongo na misuli ya mapaja, akampa 3 kwenye kipimo cha unene cha 1 (amekonda mno) hadi 9 (mnene kupita kiasi). Mwenye afya huwa 4 au 5. Kisha maswali: anakula nini, kiasi gani, nani mwingine anamlisha? Kumbe mlinzi humtupia mifupa ya kuku wa kukaanga, ambayo hupasuka vipande vikali na inaweza kutoboa utumbo. Mimi nilikuwa nampa ugali na mchuzi: protini haba. Choo kikaonyesha minyoo pia. Dawa kapewa, dagaa wasio na chumvi wameongezwa, mbavu zimeanza kufunikwa.