Naomba ushauri: sarafu zimejaa kwenye gemu letu, bei hazina maana tena

Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Mikindani, kila Jumamosi tunacheza gemu la mezani la kuigiza wahusika, tuko watano na mimi ndo msimamizi, naendesha hadithi na kupanga bei. Ulimwengu nimeutunga mwenyewe kwa kuiangalia Kilwa ya zamani, masultani wake walipiga sarafu za shaba na dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilipita pale, basi na mimi nikaweka shaba 10 ni fedha 1, fedha 10 ni dhahabu 1.

Sasa shida, vijana wamegundua chumvi pwani ni shaba 2 kibaba, wakiipandisha bara wanauza fedha 1, yani mara tano, wanashuka wanapanda tena, wiki ya sita hii. Dhahabu tunahesabia komwe za bao, jamaa mmoja kopo lake limejaa mpaka zinamwagika mezani, upanga wa dhahabu 50 anachukua bila hata kuuliza bei.

Nimeweka ushuru bandarini, wakalipa fasta. Nikaleta majambazi njiani, wakaajiri walinzi. Kuwanyang'anya tu sitaki kabisa, wamezitafuta kwa akili zao.

Naomba kuuliza, bei ya chumvi niishushe kila wakipeleka mzigo, na kwa kiasi gani ili isiwe hesabu ndefu mezani? Na nikisema bara hawapokei sarafu, wanataka nguo na shanga tu, itasaidia au nitaua gemu? Jumamosi hii tunacheza, ntashukuru sana.