Tupeane uzoefu: ndugu yako alipokamatwa, dhamana ilipatikanaje?

Mzalendo wa Tandika (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tuzungumzie dhamana, kila mtu kwa yaliyomkuta yeye au ndugu yake. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitika. Hilo wengi tunalijua. Ninachokiona mahakamani ni kingine: hakimu anasema dhamana iko wazi, anataja masharti, halafu mshtakiwa anapandishwa karandinga kwenda gerezani kwa sababu hana mtu wa kumsimamia. Hajanyimwa dhamana, amekosa watu.

Mdogo wangu ni kondakta wa daladala. Aligombana na abiria, wakafikishana polisi, akashtakiwa kwa shambulio. Alitakiwa kuwa na wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho, kila mmoja asaini bondi ya shilingi laki tano. Mimi nilikuwa safarini. Mwenye nyumba wake akakubali kuwa mdhamini wa kwanza, wa pili akapatikana kazini kwake. Barua ya huyu wa pili ikafika kwa karani haina muhuri, mwenyekiti wa mtaa alisaini tu. Siku yenyewe Ijumaa mchana. Kijana akalala mahabusu hadi wiki iliyofuata kwa ajili ya muhuri. Kazi yake akakuta kapewa mwingine.

Karibuni.

MamaTwins

Pole kaka. Mimi ya kwangu ilianzia kituoni. Mwanangu alizolewa kwenye msako usiku, wakasema uzururaji, na yeye alikuwa anatoka kuniletea mkaa. Nilipofika kaunta ukutani pameandikwa dhamana ni bure. Chini ya maandishi hayohayo nikaulizwa "mama umekuja na nini?" Nilikuwa na hela ya mtaji wa kesho, mchele na maharage ya mgahawa wangu. Nikatoa. Sijapewa stakabadhi, na hakuna kilichoandikwa kwenye kitabu. Wale vijana wengine ambao hawakuwa na mama wa kuja niliwaacha palepale, wananiangalia.

Msaidizi wa Sheria

Dada MamaTwins, pole sana. Nifafanue mambo mawili ambayo watu wanachanganya, maana kila wiki nayakuta.

La kwanza, bondi si fedha ya kulipa. Mdhamini anasaini ahadi kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye atalipa kiasi kilichotajwa. Watu wanauza kuku na redio wakidhani laki tano inatakiwa mezani siku hiyo. Fedha taslimu au hati ya mali hudaiwa kwenye mashauri ya mali inayozidi shilingi milioni 10, ambapo sheria inataka nusu ya thamani iwekwe mahakamani.

La pili, yako makosa ambayo hakimu hana mamlaka ya kutoa dhamana hata akitaka: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Ni kile kilichozoeleka kama kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayeamua kama utalala nyumbani au gerezani. Ukiongezewa shtaka moja la utakatishaji, mlango umefungwa. Mimi naona hilo halikubaliki, mamlaka hayo yanapaswa kuwa ya hakimu.

Mkazi wa Zamani wa Segerea

Msaidizi umenigusa. Mimi nilishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Silaha yenyewe walisema ni panga, na halikuwahi kuletwa mahakamani. Kila baada ya siku 14 tunaletwa mahakamani kutoka gereza la Segerea, tunasimama, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Dakika chache tu, tunarudi. Usiku tunalala ubavu, tumebanana kiasi kwamba mmoja akitaka kugeuka safu nzima inageuka.

Baadaye sana wakaondoa shauri, wakasema hawana nia ya kuendelea nalo. Nikashuka kizimbani nikafika kwenye ngazi, askari wakanikamata tena kwa kosa lilelile. Mke wangu alikuwa amesimama pale na nguo zangu za kuvaa nikitoka. Mara ya pili ndipo nikaachiwa kweli. Hakuna aliyeniambia pole. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, sasa shauri lisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yanayosikilizwa Mahakama Kuu hayamo. Waliobaki ndani ni haohao.

Dada wa Mwananyamala

Naomba na sisi tulioibiwa na ndugu zetu tusikike. Kaka yangu alikuwa anavuta unga, yaani heroini. Aliiba redio ya baba, akaiba jiko la gesi la jirani, akaiba nyaya. Alikamatwa, akafungwa, akatoka, akaiba tena. Jirani walimpiga mpaka akavunjika mkono, na sikuwalaumu, walikuwa wamechoka. Kila alipotoka gerezani alitoka na arosto ileile, yale mateso ya kukosa unga, na marafiki wapya.

Kilichomrudisha kwetu ni methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Hospitali ya Muhimbili walianza huduma hiyo 2011, baadaye ikafika hospitali ya Mwananyamala. Kila asubuhi anakwenda, anakunywa dawa mbele ya muuguzi, anaongea kidogo kuthibitisha amemeza, anakwenda zake kwenye kazi ya kuosha magari. Hajaiba tangu dawa ilipomkaa. Fedha zilizotumika kumfunga mara zote zile zingemtibu zamani. Wanaosema mateja wapigwe tu, waje nyumbani kwetu wamwone.

Kijana wa Likoni

Shikamooni wakubwa. Huku Kenya Katiba ya 2010, Ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito, hata kwa kesi ya mauaji. Kwenye karatasi tumewapita. Lakini korti inaitisha dhamana ya pesa taslimu. Binamu yangu aliwekewa shilingi elfu hamsini za Kenya kwa kesi ya kupigana, na yeye ni mbeba mizigo bandarini. Tulichanga familia nzima na msikiti, bado ikapungua. Akakaa rumande huku haki yake iko palepale kwenye kitabu.

Mama Jose

Jamani naomba msaada, samahani naingilia. Mtoto wa dada yangu anapanda kizimbani kesho kwa kesi ya wizi wa simu. Tuna mdhamini mmoja tu, mama yake yuko Kigoma. Wakitaka wawili tufanyeje?

Msaidizi wa Sheria

Mama Jose, pole. Mwambieni aombe mwenyewe, kwa sauti, akiwa mbele ya hakimu: masharti yalegezwe, familia yake iko mkoani, mdhamini wa hapa ni mmoja. Hakimu anaweza kupunguza. Huyo mdhamini mmoja awepo ukumbini tangu asubuhi, na kitambulisho chake halisi, siyo nakala tu. Masharti yakibaki magumu, yanaweza kupelekwa Mahakama Kuu kuombewa nafuu. Niandikie pembeni jina la mahakama, kuna wenzetu wa msaada wa kisheria wanaokaa mahakama kadhaa za hapa mjini, nitajaribu kuwapata usiku huu.