Ukurasa wa taarifa za mtaa: uwe mmoja mrefu wenye viungo vya ndani, au ugawanywe?

Mwalimu wa Jioni, Majengo

Assalaam aleikum, ndugu zangu, na habari za jioni. Ninafundisha vijana kumi na wawili kutengeneza kurasa za wavuti, na kazi yao ya kufungia muhula ni ukurasa wa taarifa za mtaa wenye mambo manne: namna ya kuomba cheti cha kuzaliwa, misaada ya karo, zamu za maji na nambari za dharura. Darasa limegawanyika. Baadhi wanataka kila jambo liwe na ukurasa wake, na wengine wanataka ukurasa mmoja ulio na orodha juu, ambapo ukigusa jina la sehemu unateremshwa moja kwa moja hadi sehemu hiyo.

Mimi niko upande wa ukurasa mmoja, na sababu yangu ni data. Kiungo cha ndani hakiombi chochote kutoka kwa seva, ile kompyuta inayohifadhi ukurasa; kivinjari hutazama yale maandishi yanayofuata alamareli (#) katika anwani, kikatafuta kitambulisho kinacholingana nayo ndani ya ukurasa ambao tayari kimeupokea, kikasogea hadi hapo. Mama aliyenunua data ya shilingi 20 ataulipia ukurasa mara moja tu, kisha ataushuka na kuupanda apendavyo. Niongeze kwamba darasani siviiti viungo bali nanga, kwa sababu viungo kwetu ni vya pilau, na hiyo tagi ya a, alama ya HTML inayotengeneza kiungo, jina lake limetokana na anchor ya Kiingereza, yaani nanga. Nauliza kwa dhati: ofisi na vikundi vinavyotoa taarifa kwa umma vifuate njia ipi?

Fundi wa Tudor

Mwalimu, hesabu yako ya data ni ya upande mmoja. Mtu anayetaka zamu ya maji peke yake unamlazimisha apakue pia picha za fomu na maelezo ya karo asiyoyahitaji, kisha unamwambia umemwokolea pesa. Ukigawa kurasa, kila mtu atalipia alichokifuata. Isitoshe, vijana kumi na wawili wakihariri faili moja, mmoja wao akasahau kufunga tagi ya a, aya nzima inayofuata inaweza kugeuka kiungo cha buluu, na ukurasa wa mtaa mzima ukaharibika kwa kosa la mtu mmoja. Mimi nimeliona hilo kwa macho yangu na nimelirekebisha usiku wa manane.

Mjukuu wa Nahodha

Mimi nitaacha suala la kurasa, kwani neno lililonichoma ni nanga. Babu yangu aliongoza majahazi, na katika nyumba yetu hakuna mtoto ambaye angesema kwamba nanga inampeleka mtu mahali. Nanga ikishatiwa, chombo kimefika, nacho hakisogei tena. Sasa wewe Mwalimu unakichukua kitu ambacho kazi yake ni kumwondoa msomaji hapa na kumpeleka pale, unakipa jina la kitu ambacho kazi yake ni kumzuia asiondoke. Ukitaka lugha ya bahari, basi iseme sawasawa: kile tunachokigusa ni kamba, na nanga ni ile alama iliyozama kwenye kichwa cha sehemu, inayoishika kamba upande wa pili. Vijana wakifundishwa kinyume watalichanganya neno na kazi yake maisha yao yote.

Bi wa Kibokoni

Mwanangu Mwalimu, mimi si mtu wa kompyuta, wajukuu ndio wanaonisomea mjadala huu, lakini umelitaja neno kiungo kana kwamba ni la jikoni tu na halifai kuingia darasani. Neno hilo linatokana na kuunga. Mchuzi huungwa, mfupa uliovunjika huungwa, na kiwiko na goti ni viungo kwa kuwa hapo ndipo mfupa na mfupa hukutana na kutembea pamoja. Bizari na iliki zikaitwa viungo kwa sababu hiyo hiyo. Sasa kitu kinachounga ukurasa na ukurasa ukiite nini, kama si kiungo? Waswahili hawakukosa neno hapa, na sioni kwa nini mwalimu alikimbie neno lililo kinywani mwa kila mtu pale Marikiti.

Mwalimu wa Jioni, Majengo

Bi, shikamoo. Sikulidharau neno, wala sitakubali kusemwa kwamba nimelikimbia. Nimelichagua nanga kwa kuwa ndilo alilolichagua mwenyewe aliyebuni wavuti, Tim Berners-Lee, aliyeandika pendekezo lake mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Katika lugha yake ya HTML, ncha zote mbili ziliitwa nanga: ile unayoondokea, iliyobeba href (anwani ya kwendea), na ile unayofikia, iliyobeba name (jina la mahali). Kwa hiyo Mjukuu, ugomvi wako ni na yeye, si na mimi.

Mjukuu wa Nahodha

Kama alikosea, alikosea kwa Kiingereza. Sisi hatulazimiki kulifuata kosa hilo kwa Kiswahili.

Fundi wa Tudor

Naomba niingilie kati kabla vijana hawajapotoshwa zaidi. Mwalimu, hiyo name iliyowekwa kwenye tagi ya a imepitwa na wakati. Tangu HTML5 ilipokamilishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2014, mwandishi anatakiwa kutumia id, yaani kitambulisho, ingawa vivinjari bado vinazifungua kurasa za zamani zilizoandikwa kwa name. Kitambulisho kinawekwa kwenye kichwa chenyewe, hivi: <h2 id="karo">Misaada ya karo</h2>, na kiungo kinaandikwa <a href="#karo">Misaada ya karo</a>. Kitambulisho hakina nafasi katikati, na hakirudiwi ndani ya ukurasa mmoja. Mjukuu anaweza kufurahi, maana leo tagi ya a imebaki na kazi ya kamba peke yake, na nanga imehamia kwenye kichwa kama alivyosema.

Msikilizaji wa Changamwe

Nimesoma majibu yote, na ninaposema nimesoma ninamaanisha nimesikiliza, kwa sababu mimi sioni. Simu yangu ina programu ya kusoma skrini. Mnabishana kuhusu data, nanga na mifupa, na hakuna aliyeuliza maneno yaliyo juu ya kiungo yanasema nini.

Nitawaeleza nilichokipata mwezi uliopita. Nilikuwa natafuta tarehe ya mwisho ya kuomba msaada wa karo wa mwanangu, nikaufungua ukurasa wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Mtu anayeona hupitisha jicho juu ya ukurasa akaona kilicho wapi. Mimi huiambia programu initolee orodha ya viungo vyote, nikaisikiliza kama mtu anayeitiwa majina. Nilichosikia ni hiki: bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa, zaidi, bofya hapa. Nilikibofya cha kwanza, nikapelekwa kwenye fomu ya kitu kingine. Nikarudi. Nilikibofya cha tatu, nikafika kwenye picha ya tangazo isiyokuwa na maandishi mbadala, na programu ikanisomea jina la faili lenye tarakimu tupu. Tarehe niliambiwa na jirani, siku mbili baada ya kupita.

Ukurasa ule ungekuwa mmoja au kumi, mimi ningebaki nje. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taarifa kwa njia ifaayo, na mlango wa taarifa katika wavuti ni hayo maneno mawili matatu yaliyopigiwa mstari.

Fundi wa Tudor

Pole sana, dada, na pole hiyo inatoka moyoni. Lakini nitajitetea, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliokuwa wakiandika «bofya hapa», na sikufanya hivyo kwa uvivu. Mama yangu alianza kutumia simu akiwa na miaka sitini na mitatu. Ukimwandikia «Fomu ya cheti» kwa rangi ya buluu, ataisoma kama kichwa cha habari na kuendelea mbele. Ukimwandikia «bofya hapa», anabofya. Msitufanye kana kwamba tuliwafungia watu mlango kusudi, tuliwafungulia wazee.

Msikilizaji wa Changamwe

Kaka, sijasema kusudi, na mama yako simtoi nje ili mimi niingie. Kitenzi kibaki, ila kiungo kitaje kinakokwenda: «Pakua fomu ya cheti cha kuzaliwa», «Soma tarehe za kuomba karo». Mama ataona ameambiwa afanye jambo, na mimi nitasikia ni jambo gani. Mstari chini ya maneno nao usiondolewe, kwa maana wako wanaoona lakini hawatofautishi buluu na nyeusi. Hili si ombi langu binafsi: mwongozo wa ufikivu uliotolewa mwaka 2008 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka lengo la kila kiungo lieleweke kutokana na maneno yake, au angalau kwa maneno hayo pamoja na sentensi yanamokaa.

Bi wa Kibokoni

Mimi nina miaka sabini na moja, na sijapenda kusikia wazee tukifanywa sababu. Hata mimi huambiwa «bofya hapa» nikamuuliza mjukuu, hapa ni wapi na huko kuna nini? Mwenye nyumba akinikaribisha husema pita sebuleni.

Mjukuu wa Nahodha

Bi amesema. Niongeze tatizo ambalo mimi huliona katika kurasa ndefu, na Mwalimu alifikirie. Watu hupenda kuweka utepe wa juu usiosogea, wenye jina na nembo. Ukigusa kiungo cha ndani, kivinjari hukileta kile kichwa hadi ukingo wa juu kabisa wa skrini, yaani chini ya utepe, na unachokiona ni sentensi ya pili ya aya usiyoijua jina. Msomaji hudhani amepelekwa kwingine. Dawa yake ni mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, katika vichwa, scroll-margin-top, ukipewa kimo kinachozidi kidogo kile cha utepe. Ukimaliza, weka pia kiungo cha kurudi juu mwishoni mwa kila sehemu; href="#top" inatosha, hata kama hakuna kichwa chenye kitambulisho hicho.

Mwalimu wa Jioni, Majengo

Nimewaelewa, na leo darasani tumefanya kazi badala ya kubishana. Ukurasa umebaki mmoja, isipokuwa picha za fomu, ambazo tumezihamishia ukurasa wake ili hoja ya Fundi kuhusu data itimizwe. «Bofya hapa» zilikuwa saba, na zote tumeziandika upya. Nilimpa kila kijana simu, nikamwambia afumbe macho, aisikilize orodha ya viungo, kisha anieleze kila kimoja kinaenda wapi. Wawili waliomba ruhusa ya kurudia kazi yao kabla sijawaambia. Kuhusu neno, nitasema kiungo kwa kile kinachoguswa, na nanga kwa kile kinachofikiwa. Dada wa Changamwe, ukipata nafasi, tafadhali utupitie ukurasa, anwani nimekutumia.

Msikilizaji wa Changamwe

Nimeupitia wote, Mwalimu, na nawashukuru vijana. Orodha yenu naisikia vizuri, na nambari za dharura mmeziandika kwa tel: kwa hiyo nikigusa zinapiga moja kwa moja. Cheti kinafika, karo inafika, dharura inafika. «Tazama zamu za maji za wiki hii» hakinipeleki popote. Nimekigusa mara nne na nimebaki palepale juu. Nimemwomba binti yangu atazame msimbo, akaniambia kiungo kinasema #maji kwa herufi ndogo, na kwenye kichwa mmeandika id="Maji" kwa herufi kubwa.