Betri ya kuteksi: ipae na ndege au ibaki chini?

Mtoa mada: Wakuu, ndege ya Airbus A320 ikiteksi, yaani ikitembea ardhini kutoka mlangoni kwenda kuruka, huchoma kama kilo 10 za mafuta kila dakika, na bado iko chini! Kwa nini tusifunge mota kwenye magurudumu na betri tumboni, injini ziwashwe mwishoni?

Spana17: Betri unapaa nayo na kutua nayo, uzito uleule. Kampuni za Safran na Honeywell zilionyesha A320 yenye mota za magurudumu kwenye maonyesho ya ndege ya Paris 2013. Umeme ziliutoa kwenye injini ndogo ya mkiani, si betri. Jiulize kwa nini.

Volti: Hesabu basi. Tani 70, msuguano wa matairi tuseme asilimia 1.5, mwendo mita 10 kwa sekunde: kilowati 100 hivi. Robo saa ni kilowati-saa 25. Hiyo lithiamu haifiki kilo 250. Shida ni marubani wavivu, hata kuteksi kwa injini moja hawataki, na ile ni bure.

Kepteni_Mstaafu: Mvivu ni wewe unayerusha ndege kwa kikokotoo. Injini ya kushoto ikiwaka peke yake, kukata kona ya kushoto ni kazi. Ukiwa mzito unaongeza moto wa injini, upepo unaotoka nyuma yake unasomba vifaa na watu.

Volti: Kumbe si uvivu, ni woga.

Kepteni_Mstaafu: Woga ndio uliokufikisha salama ulikokwenda.

Mtoa mada: Jamani, betri...

Kijana_wa_Breki: Tuvune breki! Tani 60 ikitua kwa mita 70 kwa sekunde ina kilowati-saa 40. Tuweke supakapasita, kile kihifadhi umeme kinachojaa upesi kuliko betri.

Spana17: Uvune kilowati-saa zote hizo ndani ya sekunde 30? Hizo ni karibu megawati 5, mota ya ukubwa gani hiyo? Na supakapasita ya kubeba kilowati-saa 40 ni tani nne kwenda juu. Halafu mmesahau Januari 2013, betri ya Boeing 787 ilipowaka Boston? Ndege zote za aina ile zilizuiwa kuruka miezi kadhaa, na ilikuwa betri ndogo tu. Betri ikae kwenye trekta la kuvutia. Lipo trekta liitwalo TaxiBot, tayari rubani analiongoza akiwa kitini kwake ndani ya ndege.

Volti: Trekta sawa. Ila Kepteni hajajibu: mkishatua mlikuwa mnazima injini moja au hamzimi?

Kepteni_Mstaafu: Ikishapoa dakika tatu, nazima. Foleni ikiwa fupi siigusi. Na mafuta hukuyalipia wewe.

Volti: Nililipa tiketi.