Kuzunguka Ziwa Duluti na mama mwenye magoti mabovu, inawezekana?

MkaziWaNjiro
Wadau habari za jioni. Mama yangu kaja toka Dodoma wiki iliyopita, ana miaka 67, magoti yanamsumbua ila daktari kamwambia asikae tu, atembee kila siku hata kidogo kidogo. Huku mtaani ukitoka nje ni vumbi na bodaboda, kashachoka, jana kaniambia mwanangu nipeleke mahali nikasikie ndege. Nikawaza Duluti maana ni karibu na Arusha mjini, lakini mara ya mwisho nimeenda nikiwa sekondari na sikumbuki ile njia ikoje. Kuna vilima vya kupanda? Na gari sina.

BintiTengeru
Mpe mama shikamoo yangu. Inawezekana kabisa dada, mimi nimezaliwa huku. Panda hiace za Usa River ushuke Tengeru, halafu kutoka lami mpaka getini usimtembeze, chukua bajaji, hayo magoti mkayatumie msituni sio barabarani. Getini kuna kiingilio, weka hela kwenye simu kabisa maana wanakupa kontroli namba. Ukiweza nenda Jumatano au Jumamosi, ni siku za soko, mkirudi mnabeba ndizi na parachichi bei ya shamba.

Lenzi_ya_Meru
Naomba nipingane kidogo hapo kwenye "kabisa". Ni njia rahisi kwa mtu mzima wa afya, mlima wa maana hakuna, lakini mizizi ipo mingi sana, miti mikubwa imetoa mizizi juu ya ardhi imekatiza njia kama ngazi ngazi, na mvua ikinyesha ule udongo unateleza vibaya. Masika usimpeleke, subiri pakauke. Avae raba zenye meno, sio zile kandambili za kanisani, na umkatie fimbo. Mzunguko mzima mimi naenda kama saa moja nikiwa sisimami, na mama hesabu mara mbili yake.

MzeeWaUsa
Mwanangu, kwani nani kasema lazima mzunguke lote? Nendeni mpaka mama atakapochoka mgeuze, ziwa linaonekana kila mahali. Lile ni shimo la volkano, ndiyo maana utaona hakuna mto unaoingia wala unaotoka, na maji yametulia kiasi kwamba samaki akiruka unamsikia. Nendeni saa moja asubuhi, muda huo furukombe ndio analia, na kama hakuna mawingu mlima Meru unaonekana vizuri. Mkibaki na nguvu muulizie makaburi ya Wapolandi, yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo hapo hapo Tengeru. Walikuja wakimbizi wakati wa vita kuu ya pili, kuanzia 1942, karibu watu 5,000, wengi kina mama na watoto, na waliofia huku wamezikwa pale. Pametunzwa vizuri.

MkaziWaNjiro
Asanteni sana jamani, shikamoo mzee wangu. Narudi kuwapa mrejesho, tumeenda leo. Tulifika saa moja na nusu, mama kavaa raba za mdogo wangu na fimbo tumeokota pale pale. Kaka wa Lenzi ulisema kweli kuhusu mizizi, kuna sehemu ilibidi nitangulie nimpe mkono, ila mwenyewe ndo kwanza akawa anaikalia, kila baada ya hatua kadhaa anakaa kwenye mzizi anaangalia maji. Kenge mkubwa alikuwa kwenye gogo lililoangukia ziwani, urefu kama mkono wangu mara mbili, katulia tu anaota jua, mama akanishika mkono tukasimama hapo dakika kumi hatuongei hadi alipojitosa majini. Kima nao walikuwa juu wanatupa maganda ya matunda. Hatukumaliza, tulifika kama nusu tukageuza, na goti halijavimba, nimemkanda jioni hii lipo sawa. Makaburini hatujafika. Kasema Jumatano anataka kurudi, na safari hii aanzie upande ule mwingine ili aone ile nusu iliyobaki, BintiTengeru bajaji za hapo stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi zinakuwepo?

BintiTengeru
Zipo, siku ya soko zinaanza mapema sana. Nitawasubiri hapo kituoni niwasindikize, nina hamu ya kumwamkia mama.