Kazi zikikauka jimbo moja: tuhame au tukomae hapa hapa?

MLETA MADA, HOUSTON

Ndugu zangu, salaam. Jumamosi iliyopita kwenye kikao cha jumuiya yetu ilizuka hoja iliyotugawa mpaka chakula kikapoa. Kuna kijana wetu yuko Columbus, Ohio. Amepunguzwa kwenye ghala alilobebea maboksi miaka minne. Ana mke na watoto wawili, na anauliza: ahamie huku Texas au abaki? Karibu wote wakasema, "Mwambieni aje, huku hakuna kodi ya mapato ya jimbo, na kazi zipo." Mimi nilipinga. Muda haukutosha, kwa hiyo naileta hoja hapa tuichambue vizuri.

Msimamo wangu ni huu. Uchumi ukiyumba, usihame kwa kufuata takwimu wala tangazo la kazi. Hama kwa kumfuata mtu. Na mtu huyo awe ameshakubali kwa kinywa chake kukupa pa kulala na kukushika mkono mpaka mlangoni kwa mwajiri. Kama hayupo, komaa ulipo.

Mwaka 2009 nilikuwa Lansing, Michigan. Chrysler iliomba kinga ya mufilisi Aprili 30, General Motors ikafuata Juni 1. Kiwanda kidogo nilichokuwa nashona viti vya magari kilikuwa kimefunga tangu Februari, maana tuliishi kwa oda za wakubwa hao. Ukosefu wa ajira Michigan ulikuwa kama asilimia 14. Texas ilikuwa karibu 8, Dakota Kaskazini kama 4. Mtu akikusomea namba hizo wakati una deni la pango la miezi miwili, utafungasha. Mimi nilifungasha.

Tulikodi lori. Vyeti vyote, vya kuzaliwa, vya shule, vya uhamiaji, mke wangu alivifunga kwenye kanga akavitia ndani ya sufuria kubwa la pilau, na sufuria hilo akalipakata mwenyewe. Hakutaka likae nyuma na makochi. Alilipakata kutoka Lansing mpaka Memphis, mtoto analala amelaza kichwa juu ya mfuniko.

Huku Houston aliyetupokea alikuwa amesema "njooni tu". Leo naelewa kwamba "njooni tu" ni maneno ya heshima, si mwaliko. Alikuwa na vyumba viwili na watu sita, na shifti zake mwenyewe zilikuwa zimekatwa nusu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe halikuwapo. Mke wangu alikuwa na cheti cha msaidizi wa wauguzi cha Michigan, akidhani ataingia kazini wiki ileile. Kumbe kila jimbo lina daftari lake la wasaidizi hao, na kuhamishiwa jina kulichukua wiki saba. Wiki saba bila mshahara!

Kosa lililoniuma zaidi ni la malipo ya kukosa kazi. Mtu mmoja aliniambia ukivuka mpaka wa jimbo, malipo yanakufa. Nikaacha kudai. Ukweli ni kwamba jimbo ulilofanyia kazi ndilo linaloendelea kukulipa hata ukihamia kwingine, mradi unastahili, unatafuta kazi na unatoa taarifa kama inavyotakiwa. Ila ukiacha kazi mwenyewe ili uhame, hapo kwa kawaida unajinyima. Kijana wa Columbus amepunguzwa, hakuacha. Tafadhali asije akafanya kosa langu.

Kilichotuokoa ni mama mmoja wa Mombasa. Alimsikia mke wangu akimkanya mtoto kwa Kiswahili kwenye sehemu ya kufulia nguo. Wakasalimiana, wakaulizana kwao wapi, na jina la mke wangu lilipoingia tu kwenye daftari la Texas, kesho yake alfajiri alimpitia kwa gari lake akampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mke wangu amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Takwimu za Texas tulikuwa nazo tangu Lansing. Mama huyu hatukuwa naye, na bila yeye tungerudi.

Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI, FARGO

Kaka, pole kwa mlioyapitia, lakini hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu wa kumfuata ni anasa. Sisi wengine hatukuwa naye.

Mwaka 2011 nilitoka Phoenix, ambako ujenzi ulikuwa umekufa kabisa baada ya soko la nyumba kuanguka, nikaenda Williston, Dakota Kaskazini, kwenye machimbo ya mafuta ya Bakken. Sikumjua mtu. Nililala ndani ya gari wiki tano, usiku nikiwasha injini dakika kumi, nikizima nusu saa, ili nisigande na nisimalize petroli. Wiki ya sita nikapata kitanda kwenye kambi ya wafanyakazi. Kwa miaka mitatu nilisomesha wadogo zangu wawili na kumjengea mama nyumba Moshi. Ningemsubiri mtu wa kunipokea, ningekuwa Phoenix mpaka leo, na wadogo zangu wasingesoma.

Nakiri jambo moja. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100, mwanzoni mwa 2016 likawa chini ya 30. Kambi zikabaki tupu. Waliokuwa wamekopa kununua nyumba Williston kwa bei ya wakati ule waliumia vibaya. Mimi sikununua, ndiyo maana nipo Fargo na akili yangu timamu. Kwa hiyo nasema fuata kazi, ila usiweke mizizi mpaka ujue kazi hiyo inakula nini.

MCHANGIAJI, LEWISTON

Shikamooni wakubwa. Naandika kutoka Maine, upande wa wanaopokea, maana naona mnazungumza kama miji ya kuhamia haina wenyewe.

Kwetu tunasema Kizigua nyumbani. Babu zetu walichukuliwa kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, wakapelekwa Somalia, na vita vikatutoa huko. Familia yangu iliwekwa kwanza jimbo lingine na shirika la wakimbizi, kisha tukajihamishia Lewiston wenyewe, kwa kufuata watu, kama kaka wa Houston anavyoshauri. Mji huu ulikuwa na watu kama 36,000, viwanda vyake vya nguo vilishakufa. Wasomali walianza kuingia mwaka 2001. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali akiwaomba wapunguze kasi ya watu kuja, akisema mji umeelemewa. Wazee walivunjika moyo. Januari 2003 wabaguzi wa rangi wakafika kuandamana, kama watu thelathini, na wananchi zaidi ya elfu nne wakajitokeza kuwapinga. Siku ile inasimuliwa mpaka leo.

Kaka, kumfuata mtu kuna hatari yake. Kila mmoja akimfuata mwenzake, mnajikuta wote mko sehemu moja isiyo na kazi. Nimeishi kwenye nyumba ya vyumba viwili tukiwa kumi na mmoja. Upendo ulikuwepo. Mwaka wa kwanza ajira ya maana haikuwepo.

Halafu kuna uvumi ambao lazima niukatae, kwamba jimbo linaweza kukunyima msaada mwaka mzima kwa sababu umehamia kutoka jimbo lingine. Haliwezi. California ilijaribu zamani. Mwaka 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, alipeleka askari 136 mipakani mwa jimbo kuwarudisha maskini waliokimbia ukame na njaa. Sheria ya California pia ilifanya iwe kosa kumwingiza maskini asiye mkazi. Bwana mmoja wa Marysville, Fred Edwards, alimfuata shemeji yake Texas, akahukumiwa kwa kumleta. Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria ile mwaka 1941. Mwaka 1999, kwenye kesi ya Saenz na Roe, ikazuia California isiwalipe wageni msaada mdogo kuliko wenyeji kwa mwaka wa kwanza. Mkaambiana hivyo, tafadhali. Watu wanakaa na njaa kwa kuogopa kuomba.

MCHANGIAJI, DETROIT

Mimi ni mzee, nitasema kidogo. Mnabishana juu ya kuhama kana kwamba kila mtu anaweza. Mwaka 2009 nyumba yangu nilikuwa nadaiwa dola 118,000, na jirani aliuza yake, ramani ileile, kwa 41,000. Ningeiuzaje? Takriban robo ya nyumba zenye mkopo nchini zilikuwa hivyo, deni kubwa kuliko bei. Ndiyo sababu katika mdororo ule Wamarekani walihama kwa kiwango kidogo, si kikubwa. Kati ya 2007 na 2008 waliobadili makazi walikuwa asilimia 11.9, wakati huo kiwango cha chini kuliko chochote tangu hesabu hiyo ianze mwaka 1948. Na bado Michigan ndilo jimbo pekee lililopungua watu kati ya sensa ya 2000 na ya 2010. Kanisa letu lilibaki na familia tisa. Vijana waliohama walikuwa ndio wabeba jeneza wetu. Mwaka 2010 tulimzika mzee mwenzangu, ikabidi tuombe vijana wa kanisa la jirani watusaidie kubeba. Hilo sijalisikia mkilihesabu.

MLETA MADA, HOUSTON

Shikamoo mzee wangu wa Detroit. Nimesoma maneno yako mara tatu. Mimi ni mmoja wa waliowaacha, na sikuwahi kulifikiria jeneza. Sina jibu la kukupa.

Kaka wa Fargo, ulikuwa peke yako. Gari linamtosha mtu mmoja. Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, na kijana wa Columbus ana wawili. Kwa kapera nakubaliana nawe, aende hata asikojua mtu. Kwa mwenye familia sikubali.

Dada yangu wa Lewiston, hapo umenishika, na ninabadilisha maneno yangu. Mtu wa kumfuata awe yuko kazini na mwajiri wake awe bado anaajiri. Undugu peke yake hautoshi. Na ahsante kwa habari za Edwards, miaka yote hii sikuzijua. Nami niongeze yale ambayo sheria haikuyafuta: ada nafuu ya chuo cha umma kwa wakazi kwa kawaida inadai miezi 12 ndani ya jimbo, na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haihami nawe. Ohio imepanua Medicaid kwa watu wazima wa kipato cha chini, Texas mpaka leo haijapanua. Mke wa kijana wetu anatumia dawa za presha kila siku. Wanaosema "aje tu, hakuna kodi ya mapato" wamehesabu dawa hizo?

Jana usiku nimempigia. Tumekubaliana mke na watoto wabaki Columbus mpaka shule zifunge, malipo yake ya Ohio aendelee kuyadai, na yeye atangulie peke yake. Akifika aandikishe anwani mpya uhamiaji ndani ya siku kumi, maana ana kadi ya kijani na wengi tunalisahau. Kwangu ana godoro sebuleni kwa miezi miwili, nimempa tarehe ya kuanza na ya kumaliza ili asione haya. Ila kazi ninayoijua mimi ni ya kutunza wazee, naye mikono yake imezoea foklifti. Kama kuna aliyeko maghala ya upande wa Katy au Baytown na kwao bado wanaajiri, aniandikie kabla ya Alhamisi. Basi lake linaondoka Ijumaa asubuhi.