Mhariri mpinga vita aliyeyumba Agosti 1914: niwaambie nini wanafunzi?

Mwalimu wa Chumbageni aliuliza:

Wanajamvi, salaam. Nafundisha historia kidato cha tatu hapa Tanga. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na kwa watoto wa hapa hiyo si habari ya mbali, kwa sababu Novemba 1914 risasi zililia humuhumu mjini. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huko Ujerumani kwenyewe hakuna aliyekataa?"

Nikawatajia Karl Liebknecht, aliyesimama peke yake bungeni Desemba 1914 kupinga fedha za vita. Nikamtaja na Erich Mühsam, anakisti (yaani mtu anayekataa utawala wa dola ya aina yoyote), mshairi, mhariri wa jarida la Kain pale Munich. Mwenzangu wa ofisi ya walimu aliposikia akasema nimewadanganya watoto. Anasema Mühsam naye vita vilipoanza alisimama upande wa Wajerumani wenzake, akafunga jarida, na maneno yake mwenyewe yapo. Nimetafuta, naona ana hoja. Jumatatu naingia darasani. Nimfute ubaoni, au kuna jambo sijalielewa?

Mama Rehema, Berlin alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Usimfute, tafadhali. Ila usimfiche mwenzako pia, maana alichosema ni kweli.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, mtaa wa Britz, kusini mwa Berlin. Kuna makazi ya zamani hapa yaliyojengwa kwa umbo la kwato ya farasi, katikati pana kidimbwi, nyumba zake zimepakwa rangi nyekundu, buluu na njano. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namsukuma bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, tukapita Dörchläuchtingstraße, akaniambia simama. Mbele ya namba 48 akanionyesha kibao, akanisomea neno kwa neno, kwa kuwa Kijerumani changu kilikuwa bado cha kuombea maji: hapa aliishi Erich Mühsam. Halafu akanyamaza, na mimi nikajua hapo pana habari. Nilipoweza kusoma mwenyewe nilianza na daftari zake za kumbukumbu, na sijaziacha mpaka leo.

Sasa hilo la Agosti 1914. Huyu alizaliwa 1878, mtoto wa mfamasia wa Kiyahudi, akakulia Lübeck. Shuleni alifukuzwa kwa kupeleka habari za mkuu wa shule kwenye gazeti la wasoshalisti, kwa hiyo uandishi na adhabu vilianza pamoja. Kain alilianzisha 1911. Alilipa jina la Kaini, yule yule tunayemjua sote, Waislamu wanamwita Kabili, kisha chini yake akaandika kwamba ni jarida la utu. Aliliandika karibu lote mwenyewe, na akatangaza kabisa kwamba hahitaji wachangiaji. Miaka mitatu humo anapiga kelele juu ya mizinga, manowari, na wafanyabiashara wa silaha.

Vita vikaja. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Agosti anaandika kwenye daftari kwamba yeye, anakisti, adui wa jeshi na wa maneno matamu ya uzalendo, amejishtukia naye amechukuliwa na ule wazimu wa watu wote, hasira imempanda. Na kwenye tangazo la kusimamisha Kain akasema yuko pamoja na Wajerumani wote katika kutaka majeshi ya kigeni yasiwafikie watoto na wanawake wao, miji na mashamba yao. Ndiyo hayo mwenzako aliyoyaona. Wenzake wa harakati walimjia juu, na walikuwa na haki. Yeye mwenyewe alijuta waziwazi.

Lakini Mwalimu, tazama jambo moja. Lile la kwenye daftari hakuna aliyemlazimisha kuliandika. Angeweza kukaa na fedheha yake moyoni. Aliketi akaiandika usiku uleule, kwa wino. Mimi nimeishi na watu wazima waliopita vita, na huwa nawasikia wakisema "sisi hatukujua". Huyu alijua, na akaandika kwamba alijua.

Msahihishaji aliandika:

Mama Rehema, ahsante kwa maelezo. Mimi nimekaa chumba cha habari Dar es Salaam miaka kumi na tisa, nasahihisha kurasa usiku. Linalonisumbua si lile tangazo. Mtu anaweza kuandika upuuzi siku moja, kesho akaomba radhi ukurasa wa pili. Linalonisumbua ni kufunga jarida lenyewe. Mhariri akifunga mwenyewe, serikali imepumzika. Kwani wengine walifanyaje?

Mama Rehema, Berlin:

Swali lako zuri, kaka. Wapo walioendelea. Gustav Landauer, rafiki yake mkubwa na kama mwalimu wake, aliendelea na jarida lake, Der Sozialist, hadi 1915. Lilikufa mpanga chapa wake alipoandikishwa jeshini. Franz Pfemfert hapa Berlin alifanya ujanja na jarida lake, Die Aktion: akaacha siasa, akachapa mashairi, yakiwemo ya askari walioko mstari wa mbele, kisha akaanza safu ya vipande alivyokata kwenye magazeti ya kizalendo. Havikuongezwa neno. Mkaguzi wa magazeti atakataza nini, wakati maneno ni ya magazeti yanayosifiwa na serikali yenyewe? Msomaji anakiona kichaa kikiongea kwa mdomo wake.

Kwa hiyo ndiyo, njia nyingine ilikuwepo. Mühsam hakuiona, au hakuwa mtu wa kuongea kwa mafumbo. Akahamia kwenye kazi ya miguu: kubisha hodi kwa huyu na yule, kutafuta kuwaunganisha wapinga vita wa kila upande, hata wale waliogombana naye miaka yote. Januari 1918 wafanyakazi wa viwanda vya silaha walipogoma Munich, alikwenda kuzungumza nao. Mwaka huohuo akaamriwa kufanya kazi chini ya sheria ya huduma kwa taifa, akakataa, wakampeleka Traunstein, mji mdogo wa Bavaria, akae huko chini ya amri mpaka vita vikaribie kwisha. Novemba 1918 Kain likarudi.

Mwalimu wa Chumbageni:

Marahaba, Mama Rehema. Hapa ndipo ninapotaka kuelewa. Lile shairi lake la msafisha taa, ambalo ndilo nililokuwa nimewasomea watoto, si alikuwa anawacheka watu wa namna hii hii?

Mama Rehema, Berlin:

Ndilo hilo, na ndiyo maana linaniuma. Aliliandika 1907 akakitunuku chama cha wasoshalisti wa Ujerumani, SPD. Msafisha taa anaingia mapinduzi, anatembea nao na kofia yake upande, lakini wenzake wanapong'oa nguzo za taa kuziba barabara, analia: taa zangu jamani! Mwisho anabaki nyumbani anaandika kitabu cha namna ya kupindua huku taa zikisafishwa. Miaka saba baadaye chama kile kikapiga kura ya fedha za vita, 4 Agosti. Na mtunzi, siku hizohizo, naye akashika nguzo yake. Tofauti ni kwamba yeye aliiachia. Ukiwasomea watoto shairi, wasomee na tarehe hizo mbili.

Baada ya hapo hakushika tena. Aprili 1919 alikamatwa kwa ajili ya ile Jamhuri ya Mabaraza ya Bavaria, serikali ya kimapinduzi iliyotangazwa Munich, na kukamatwa huko kulimwokoa, kwani Landauer aliuawa gerezani Stadelheim tarehe 2 Mei. Alihukumiwa miaka 15, akatoka Desemba 1924, akaanzisha jarida la Fanal 1926, likaenda hadi 1931. Alfajiri ya 28 Februari 1933, bunge likiwa bado linafuka moshi baada ya kuchomwa, Wanazi walimchukua. Julai 1934 walimuua kambini Oranienburg, kwenye kiwanda cha zamani cha bia, wakamning'iniza ili ionekane kajinyonga.

Na mkewe Zenzl, binti wa kijijini Bavaria, ndiye aliyeokoa karatasi. Aliziondoa zikavuka mpaka hadi Prague, kisha zikaishia Moscow, na Moscow kwenyewe yeye akafungwa. Aliruhusiwa kurudi 1955. Daftari zilikuwa 42, zimesalia 35. Lile la Agosti 1914 ni mojawapo ya zilizosalia. Angekuwa mjane wa kulinda jina tu, angelichana.

Msahihishaji:

Hilo la Zenzl sikulijua. Mwalimu, yule binti aliyeuliza swali, mwambie na habari ya huyo mama.

Mwalimu wa Chumbageni:

Nitamwambia. Nimeshaandika tarehe mbili kwenye andalio la somo, 1907 na 4 Agosti 1914, chini yake nimeacha mistari mitano mitupu waandike wao. Mwenzangu nimemwalika aje kukaa nyuma ya darasa, amekubali, kipindi kinaanza saa tatu na dakika ishirini.